Somo: Wosia wa Mfanyakazi



Tuseme mwenzetu wa kiwandani hapa Juba amefariki ghafla. Ameacha mke, watoto watatu, kiwanja, pikipiki na mshahara wa mwezi ambao haujalipwa. Matanga hayajaisha, ndugu zake wamekwisha chukua pikipiki na karatasi za kiwanja. Mjane anaambiwa achague: arithiwe na shemeji yake au arudi kwao mikono mitupu.

Mama huyo ana haki. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011, ibara ya 16, yasema kwamba mwanamke aweza kumiliki mali, na kwamba atapata sehemu ya mali ya marehemu mumewe pamoja na warithi wengine. Taabu ni kuwa mashauri mengi ya mirathi husikilizwa na machifu, na huko mila ndiyo hutangulia kusema. Asiye na karatasi husimama na maneno tu.

Kwa hiyo andika. Taja jina lako na tarehe, useme wosia wowote wa zamani umefutwa. Taja mali moja moja, kiwanja kwa namba yake. Andika na madeni, unayodai na unayodaiwa. Watu huona haya hapo, kumbe ndipo ugomvi huanzia. Mtaje msimamizi wa mirathi.

Wengi wetu tumetoka Kenya na mali yetu iko huko. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, yataka wosia wa maandishi utiwe sahihi au alama ya mwenyewe, na ushuhudiwe na watu wawili au zaidi. Shahidi si lazima ajue yaliyomo. Lakini usimweke shahidi uliyemwachia kitu, maana aweza kukikosa. Wosia wa mdomo pia wahitaji mashahidi wawili, na haufai kitu ikiwa msemaji ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema. Mwislamu hufuata sheria ya dini yake: ausie mwisho theluthi moja, na mrithi mwenye fungu lake asiongezewe bila ridhaa ya wenzake.

Watoto wakiwa wadogo, fedha zao ziwekwe amana mikononi mwa wadhamini. Wawe wawili, mmoja peke yake ni majaribu makubwa, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Waandikie wazi fedha ni za nini, kama vile ada ya shule na matibabu, na mtoto akabidhiwe kilichobaki akiwa na umri gani.

Nakala moja apewe msimamizi, nyingine ikae kwa mtu mwaminifu nje ya ukoo, na mkeo aonyeshwe zilipo zote mbili.