Maziwa na magadi havitibu vidonda vya tumbo

SWALI: Daktari, naungua chini ya chembe cha moyo, hasa usiku. Jirani amenishauri ninywe maziwa mabichi na maji ya magadi. Kidonda changu kiko sehemu gani ya tumbo, na je, dawa hiyo inafaa?

JIBU: Mfuko wa tumbo una sehemu nne: pale umio unapoingia, kuba la juu, kiwiliwili, na sehemu ya chini inayofungukia utumbo mwembamba. Vidonda hupenda huko chini na mwanzoni mwa utumbo. Kwa kubonyeza kidole hutakipata, kwa hiyo tuyaache hayo, maana kinachonitia hofu ni hayo magadi.

Imani kwamba vidonda huletwa na njaa, pilipili na mawazo, na kwamba ukizima asidi umepona, ilistahili kufa zamani. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren waliotesha maabara bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Vidonda vingi husababishwa na bakteria huyo, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, zile zile ambazo wengi humeza ili kutuliza tumbo! Njaa na pilipili huchokoza tu kidonda kilichokwishakuwapo. Utasema maziwa yanakupa nafuu. Ni kweli, kwa kitambo. Kisha protini na kalsiamu yake hulichochea tumbo kumwaga asidi zaidi, na yakiwa mabichi yanaweza kukuongezea ugonjwa wa brusela. Magadi nayo hupoza asidi, lakini hujaza tumbo gesi, na sodiamu yake ni hatari kwa mwenye shinikizo la damu. Utauliza, mbona kuna bibi aliyekunywa magadi hadi uzeeni bila kidonda? Wengi wenye bakteria huyu hawapati kidonda maishani, wanywe magadi wasinywe.

Kila mwezi unaopoteza kwa jirani, bakteria anaendelea na kazi, na akikaa miaka mingi huweza kuleta saratani ya tumbo. Nenda kituo cha afya upimwe choo au pumzi. Ukikutwa naye, utapewa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Zimalize zote, hata maumivu yakikoma siku ya nne; usinunue vidonge viwili vitatu dukani kwa kukisia. Ukipungua uzito bila sababu au chakula kikikwama kooni, usingoje wiki ipite. Ukitapika damu, au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.