HERUFI ZINAZOTUSUMBUA

Leo tunarudi kwenye herufi. Wengine mtasema, "Aa, hizo si tulishamaliza!" Ngojeni kidogo.

Kiswahili ni rahisi kusoma kuliko lugha nyingi. Wageni wa Hispania wanaokuja Arusha kuona wanyama husalimiana kwa neno wanaloandika "hola", lakini hutamka "ola". Ile h imekaa bure tu. Sisi hatuna h ya bure. Hati ni hati, siyo ati. Pale tunapoandika ny, wao huandika ñ, yaani n yenye kialama juu. Q na x hatuzihitaji, na c haitembei peke yake, lazima ishikane na h: chai, choroko.

Wakati wa Mjerumani, mji wetu uliandikwa Aruscha na jirani yake Moschi. Yeye sauti ya sh aliiandika kwa herufi tatu!

Sasa tuangalie ng na ng'. Tamka polepole: ngoma, nguo, Ngaramtoni. Unasikia g. Sasa tamka: ng'ombe, ng'oa, Ng'iresi. Hapo g haisikiki, sauti inapita puani. Kile kialama cha juu ndicho kinachotuonyesha. Mtu akiandika "ngombe" tutamwelewa, tusimcheke.

Lakini yako makosa yanayogeuza maana. Unauza nyumba, unataka kuandika "thamani ya nyumba", yaani bei yake. Ukiandika "samani ya nyumba", hayo ni mambo ya vitanda, meza na viti. Ukiandika "ng'ombe wa mahali" badala ya "ng'ombe wa mahari", wakwe watauliza ni mahali gani. Na kura tunapiga, hatuli.

Jambo kubwa zaidi ni majina. Chukua jina la ukoo la Laizer. Wako wanaoandika Laiser, wako wanaoandika Laiza. Kimaasai hakina sauti ya z, kwa hiyo wazee hutamka s. Mdomoni hakuna ugomvi. Kwenye karatasi hao ni watu watatu! Kitambulisho cha taifa kikisema Laizer na karatasi za kiwanja zikisema Laiser, benki watakuuliza wewe ni yupi. Hapo utatafuta wakili, ule kiapo, na ulipe. Fedha inakwenda kwa ajili ya herufi moja. Mtoto naye akiandikishwa shule kwa jina tofauti na la cheti cha kuzaliwa, shida ataikuta mbele.

Mollel nalo lina l mbili, ingawa Kiswahili hakiandiki hivyo. Liache. Jina ni mali ya mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, soma jina lako herufi kwa herufi, hata kama karani ana haraka. Mwambie kwa heshima, "Samahani ndugu, hapo ni s, siyo z." Arekebishe kwanza, ndipo utie sahihi.

ZOEZI
1. Weka kialama panapotakiwa: ngambo, ngazi, ngaa, ngano.
2. Andika sentensi moja yenye neno mahari na neno mahali.
3. Toa kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa na karatasi za shamba au kiwanja. Jina lako limeandikwa namna moja kote?