SOMO LETU: KUJIANDAA KWA SAFARI YA KWANZA YA INDONESIA



Wako wanachama wanaotaka kwenda Indonesia kuitazama nchi ilikotoka karafuu. Nia hii ni njema, nasi twaiunga mkono. Lakini safari ya mbali ni kama kuchuma: asiyetayarisha ngazi, kamba na majamvi mapema, karafuu humharibikia mkononi. Kwa hiyo somo letu leo ni juu ya matayarisho ya safari hiyo.

1. KWA NINI TWENDE?

Mkarafuu asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku ya kaskazini: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Wareno walifika Maluku mwaka 1512. Baadaye Kampuni ya Waholanzi, iliyoundwa mwaka 1602, ikaikata mikarafuu ya visiwa vingi na kuiacha Ambon na visiwa jirani tu, ili bei isishuke. Mwaka 1770 Wafaransa waliotumwa na Pierre Poivre wakaitoa miche kwa siri hadi Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mkarafuu ukafika kwetu.

Leo Indonesia ndiyo inayotoa karafuu nyingi kuliko nchi zote, na sehemu kubwa huitumia yenyewe katika sigara za karafuu ziitwazo kretek. Kwa miaka mingi walinunua karafuu zetu. Katika miaka ya 1970 wakapanda mikarafuu kwa wingi sana, na ilipoanza kuzaa katika miaka ya 1980 hawakutuhitaji tena kama zamani, na bei ikaanguka. Basi bei ya pishi hapa kwetu hutegemea sana mashamba ya kule. Mkulima asiyewajua wenziwe wa Indonesia anauza gizani.

2. WAKATI WA KWENDA

Usiende msimu wa kuchuma hapa kwetu. Shamba lisilo na mwenyewe huliwa na wengi. Na kule pia ulize kwanza, kwa kuwa msimu wa karafuu hutofautiana kisiwa kwa kisiwa. Sehemu za magharibi, kama Java, mvua nyingi hunyesha kati ya Novemba na Machi. Tena ziepuke siku za Idi el Fitri. Watu wa Indonesia hurudi makwao kwa wingi wakati huo. Vyombo vyote hujaa na nauli hupanda.

3. HATI NA AFYA

Tazama pasipoti yako: yapasa iwe na muda usiopungua miezi sita tangu siku utakayoingia. Khabari za visa na za chanjo ya homa ya manjano ziulize katika ubalozi wa Indonesia, Dar es Salaam, kabla hujakata tikiti. Mambo haya hubadilika, na maneno ya barazani hayatoshi. Dawa unazotumia zichukue katika chupa zake pamoja na cheti cha daktari. Mbu wa homa ya dengue huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Usikubali kubeba mzigo wa mtu yeyote, hata akiwa ni jamaa. Sheria ya dawa za kulevya ya nchi hiyo ni kali mno, na hukumu yaweza kufika kifo.

4. NJIA

Indonesia ina visiwa zaidi ya 17,000, wala huwezi kuvimaliza. Sisi twashauri mahali pawili tu. Utatoka hapa kwa ndege na kubadilisha njiani, aghalabu Dubai au Doha, hadi Jakarta. Kutoka Jakarta nenda Kudus, katika Java ya kati, ambako kazi ya kretek ilianzia katika karne ya 19. Iko nyumba ya makumbusho ya kretek, na uko msikiti wa kale wenye mnara wa matofali uliojengwa mwaka 1549. Kisha urudi Jakarta, upande ndege ya Ternate. Ni mwendo wa zaidi ya saa tatu angani. Huko utaiona mikarafuu kwenye mitelemko ya mlima Gamalama, nao ni mlima wa moto ulio hai. Basi usipande bila ya mwenyeji, na usikilize yanayosemwa na wenye mamlaka.

Angalia saa yako. Hapa ikiwa saa sita mchana, Jakarta ni saa kumi alasiri, na Ternate ni saa kumi na mbili jioni. Wape mwili na akili siku moja ya kupumzika kabla ya kuanza kazi.

5. LUGHA NA ADABU

Karafuu kwao ni cengkeh, nalo hutamkwa kama "chengkeh". Kungumanga ni pala. Mdalasini ni kayu manis, yaani mti mtamu. Maneno yaliyotoka katika Kiarabu yatakusaidia: kabar ni khabari, kursi ni kiti, musim ni msimu, dunia ni dunia. Ukitaka kushukuru sema terima kasih. Toa na pokea kwa mkono wa kulia, vua viatu mlangoni, wala usimguse mtu kichwani, hata mtoto. Waislamu ni wengi, na salamu yetu watu wataijibu.

6. MAMBO YA KUTAZAMA

Nenda na daftari. Andika namna wanavyopanda na kwa nafasi gani, wanavyochuma bila ya kuvunja matawi, wanavyoanika siku za mvua, na wanavyokeneka mafuta ya majani yaliyoanguka. Utasikia pia aina moja ya mikarafuu yao ikiitwa Zanzibar. Ulize kwa nini waliipenda. Waulize na wazee juu ya bei. Katika miaka ya 1990, hadi mwaka 1998, shirika moja tu lilipewa haki ya kununua karafuu kutoka kwa wakulima. Ilikuwaje kabla, na ikawaje baada? Majibu yao yatatufaa tunapozungumza juu ya soko letu.

7. JAMBO KUBWA KULIKO YOTE

Usirudi na mche, mbegu, jani wala udongo. Huko Sumatra na Java uko ugonjwa unaoitwa ugonjwa wa Sumatra. Unaletwa na bakteria waingiao katika mishipa ya mti, na huenezwa na wadudu wafyonzao maji ya mti. Majani hudondoka tangu juu, matawi hukauka kushuka chini, na mti mkubwa hufa. Dawa ya kuuponya kabisa haijapatikana.

Pengine mtu atasema: "Mbona mikarafuu ya babu zetu ilitokana na miche ya magendo?" Ni kweli. Lakini wale hawakuwa na shamba la kupoteza, sisi tunalo. Tunaijua tayari mikarafuu ifayo ghafla, na hatuhitaji msiba wa pili. Mche mmoja uliofichwa katika sanduku waweza kuua mashamba ya watu ambao hawakusafiri hata siku moja. Anayetaka aina mpya na apitie kwa wataalamu wa kilimo, wenye ruhusa na mahali pa kuitenga miche na kuiangalia. Hata viatu ulivyoingia navyo shambani vioshe vizuri kabla ya kurudi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MATAWI

(a) Akienda mmoja wetu, tumtume aulize mambo gani matatu?
(b) Je, si afadhali waende wawili au watatu pamoja, mmoja wao akiwa ni kijana?
(c) Atakaporudi, atatoa khabari zake kwetu lini na wapi?

Twaomba kila tawi lilijadili swali la tatu kwa makini. Safari ya mkulima faida yake huonekana pale wenziwe wanapojifunza alichojifunza yeye.

Mungu awajaalie wasafiri kwenda salama na kurudi salama.

Katibu wa Chama