Muflisi na mufilisi: neno moja au mawili?

Rafiki yangu wa kitivo cha sheria aliniomba nimsaidie kuweka katika Kiswahili kurasa chache za Filiga Michel Sawadogo, profesa wa Ouagadougou aliyetoa mwaka 2002 kitabu kizima juu ya sheria ya OHADA kuhusu biashara zilizo katika shida. Sheria hiyo inatuhusu: Kongo iliingia OHADA mwaka 2012. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Nilikwama kwa watu wawili. Wa kwanza ni mfanyabiashara asiyeweza tena kulipa madeni. Kamusi humwita muflisi, neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na fulusi. Wa pili ni yule anayewekwa na tribinali kusimamia mali, kuiuza na kuwagawia wadai. Tanzania humwita mfilisi, kutokana na kitenzi kufilisi. Katika muflisi, mu- ni sehemu ya neno la Kiarabu. Katika mfilisi, m- ni kiambishi chetu cha ngeli. Kwenye karatasi hakuna shida.

Lakini huku kwetu tunasema muntu, mutoto. Mfilisi akifika Mudaka anakuwa mufilisi. Muflisi naye, kwa kuwa fl hutusumbua ulimi, anaongezewa i. Basi aliyeanguka na anayeuza vitu vyake wanabeba jina moja!

Nilimwuliza mama mmoja muuza vitenge, sokoni Mudaka: mufilisi ni nani?

«Ni mwizi. Ule anakulaka franga za bantu.»

Na dada yako aliyeacha kuuza?

«Aah, ule alianguka tu.»

Mama huyu hajasoma Sawadogo, ila ametenganisha kile ambacho sheria inatenganisha. Kushindwa kulipa peke yake si kosa la jinai. Kuficha mali ili wadai wasiipate ndilo kosa. Tena, sheria ile ya 1998 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2015, iliongezwa njia ya mapatano: mfanyabiashara anaweza kuomba msaada kabla hajafikia kushindwa kulipa. Nani ataomba, kama kuingia tu mlango huo ni kuitwa mwizi?

Napendekeza «aliyeanguka» kwa wa kwanza, na «sindiki», kutoka Kifaransa, kwa wa pili. Sindiki rafiki yangu ameikubali. «Aliyeanguka» bado tunabishana. Anasema jaji atauliza alianguka kutoka wapi.