Brashi mpya ya kunyolea isikuchome uso

Juma hili tuyaache kidogo magonjwa makubwa tuingie bafuni, mahali ambapo wanaume wengi hujiumiza kila asubuhi wakidhani wanajirembesha.

Kijana mmoja anayehudumia wageni hotelini alinijia kidevu na shingo vikiwa vimejaa vipele, vingine vimeshatunga usaha. Msimamizi wake alikuwa amemwonya mara mbili kwamba uso wa namna ile hauwezi kusimama mbele ya wageni, na papo hapo sheria ya kazi yao hairuhusu ndevu. Akinyoa anaharibika uso, asiponyoa anafutwa kazi. Nilipomuuliza ananyolea nini, alitoa kwenye mkoba wake brashi ya kunyolea, mpya kabisa, mpini wake ukimeremeta.

"Daktari, niliambiwa hii ndiyo dawa ya vipele," akasema. "Nimeitumia siku nne na uso umezidi kuwaka."

Brashi yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa mbichi tu, na aliyemuuzia hakumwambia kwamba kifaa cha aina ile huzoeshwa kwanza kabla ya kukabidhiwa uso wenye maumivu.

Brashi ile ilikuwa ya mchanganyiko, yaani nywele za nguruwe zimefungwa pamoja na nywele za badger. Badger ni mnyama wa jamii moja na nyegere, ingawa siye nyegere wetu huyu mla asali. Nywele zake nyingi zinazouzwa hutoka Uchina. Unywele wa badger huwa mwembamba kwenye ncha, kwa hivyo ni laini tangu siku ya kwanza, na maji hukaa katikati ya nywele. Unywele wa nguruwe ni mgumu na mnene, nao hunywa maji ukalegea. Faida ya kuchanganya ni kwamba nguruwe huipa brashi nguvu ya kusimama, badger huipa ulaini, na bei huwa nafuu kuliko ya badger mtupu.

Shida ni kwamba hizi nywele mbili hazikomai pamoja. Za badger hazibadiliki sana. Za nguruwe, kwa kulowa na kukauka siku baada ya siku, hupasuka ncha zikawa mbili au tatu, na hapo ndipo ukali wake unapokwisha. Kabla ya hapo ncha hizo zinachoma. Mtu mwenye ngozi nzima atahisi mwasho kidogo tu, lakini mwenye vipele ni kama anajisugua kwa ufagio mdogo.

Basi ukinunua brashi ya aina hii, siku ya kwanza usinyolee. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini au shampuu, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta na harufu ya mnyama. Harufu hiyo isikutishe, huisha yenyewe. Kisha chukua sabuni yako ya kunyolea, zungusha brashi juu yake, halafu tengeneza povu katika kiganja cha mkono. Utaona povu linajaa kisha linanywea mara moja, kama linalomezwa. Ndivyo brashi mbichi ilivyo. Suuza, tengeneza tena, suuza, kisha iache ikauke kabisa mpaka kesho yake. Kukauka ni sehemu ya kazi kama kulowa kulivyo, kwa hivyo kuilowesha kutwa kucha hakukufikishi haraka.

Fanya hivyo siku tatu au nne. Baada ya hapo waweza kuanza kuitumia kunyoa, lakini povu lifanyie kiganjani au bakulini, ulipake kwa wepesi, usiusugue uso. Anayenyoa kila siku ataona mabadiliko baada ya majuma mawili hadi matatu: povu halipotei tena, na ncha zikigusa shavu hazichomi. Anayenyoa Jumamosi kwa Jumamosi atangoja miezi. Nywele chache zikidondoka majuma ya kwanza, hilo ni la kawaida. Zikiendelea kung'oka kwa mafungu, rudisha dukani.

Kila unapoitumia, loweka nywele tu katika maji ya moto kiasi cha kuweza kuutia mkono bila kuuondoa, dakika mbili au tatu zinatosha. Mpini usizame, kwa maana gundi inayoshika nywele iko pale zinapoingia mpinini, na kama mpini ni wa mbao utapasuka. Wala usiikandamize usoni mpaka nywele zilale. Zikivunjikia shinani, katikati hubaki shimo.

Maji ya moto sana nayaogopa kwa sababu yaliniadhibu mimi mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari, siku zile tulipofunzwa kuchemsha kila kitu, niliichemsha brashi yangu ya kwanza katika sufuria ili niue vijidudu. Nilipoitoa nywele zilikuwa zimejikunja, na kufikia Ijumaa nusu yake ilikuwa imebaki kwenye sinki. Sikuinunua nyingine kwa muda mrefu.

Tusisahau maji yenyewe. Mitaa mingi ya Nairobi hutumia maji ya visima virefu, yale tuyaitayo maji ya chumvi, ambayo hayatoi povu upesi na huacha utando mweupe juu ya sabuni. Utando huo hushika pia nywele za brashi zikawa ngumu na butu, mtu akadhani imezeeka. Mara moja kwa mwezi iloweshe dakika chache katika maji yenye siki kidogo, halafu suuza vizuri. Ukipata maji ya mvua ya kunyolea, yatumie, utaona tofauti.

Sasa turudi kwa vipele. Sisi ambao nywele zetu zimejikunja, wembe ukikata unywele chini sana, ncha iliyokatwa kwa mshazari hujipinda na kuingia tena ndani ya ngozi. Mwili huiona kama mwiba, ukapigana nayo, pakavimba. Kwa hivyo vipele vingi vya kidevuni si uchafu wala si damu mbaya kama watu wanavyosema, ingawa bakteria huweza kufuata baadaye na kuleta usaha.

Brashi haiponyi jambo hilo. Inachofanya, ikishakomaa, ni kuinua nywele zilizolala, kupeleka maji na sabuni mpaka shinani, na kuzilainisha ili wembe usihitaji nguvu. Yanayobaki ni mkono wako. Acha povu usoni dakika mbili au tatu. Nyoa kufuata upande nywele zinakoelekea, usivute ngozi, usikandamize, usipite mara mbili pale pale. Wembe wa makali mamoja mara nyingi hufaa kuliko ule wa makali mengi, kwa sababu ule wa makali mengi huvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, na ndilo tusilolitaka. Wengine hawana budi kuacha wembe kabisa na kutumia mashine inayobakisha nywele fupi, kama milimita moja. Ukiona unywele umejipinda chini ya ngozi, waweza kuuinua kwa sindano safi, lakini usiung'oe. Na tafadhali, zile krimu zinazouzwa vibandani zenye dawa kali za kupunguza uvimbe msijipake bila kuuliza. Huifanya ngozi iwe nyembamba, na mkiziacha vipele hurudi kwa hasira.

Ikiwa uso umeshaharibika, hakuna brashi wala wembe wa kuufaa kwa wakati huo. Pumzisha majuma matatu au manne, nywele ziote na zijifungue zenyewe. Wenye ugonjwa wa kisukari, na wale ambao makovu yao huvimba na kukua, wasingoje. Waje kumwona daktari mapema.

Kuna jambo la historia ambalo wengi hushangaa nikiwasimulia. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia na miaka iliyofuata, wanajeshi na raia zaidi ya 200 huko Uingereza na Marekani walipata kimeta, ugonjwa ule ule ambao wafugaji wetu wanaujua kwa ng'ombe, kutokana na brashi mpya za kunyolea. Vita vilikuwa vimeifanya badger kuwa adimu, na viwanda vikatumia nywele za farasi zilizotoka Asia bila kusafishwa ipasavyo. Mbegu za kimeta zilijificha humo, na mkwaruzo mdogo wa wembe ukawa mlango. Kidonda chake huwa cheusi katikati na aghalabu hakiumi, jambo linalomfanya mtu akidharau. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Siku hizi nywele husafishwa kwa dawa kabla ya kufungwa, na hatari ya brashi mpya ya dukani ni ndogo mno. Lakini kama umerithi brashi ya kale ya nywele za farasi, ya kabla ya miaka ya 1930, iweke kabatini kama kumbukumbu. Mbegu za kimeta huishi miaka mingi, na spiriti haiziui.

Nimeitaja spiriti kwa makusudi. Kuna vinyozi ambao bado wana brashi moja inayozunguka nyuso zote tangu asubuhi, ikilala katika kikombe cha maji ya jana, na mteja akilalamika hunyunyiziwa spiriti kidogo juu. Spiriti hiyo haifiki ndani ya fungu la nywele. Brashi kama hiyo yaweza kukuambukiza choa cha ndevu na majipu. Na damu ikiwapo kuna hatari ya virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo vyaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Sote tumefunzwa kuogopa wembe wa mwenzako kwa ajili ya ukimwi, lakini brashi tumeisahau. Nenda na yako, au mwambie kinyozi akupake povu kwa mkono uliooshwa.

Ndugu zetu Waislamu pia wangependa kujua walichoshika, kwani muuzaji aghalabu hataji. Neno boar kwenye kasha maana yake ni nguruwe. Zipo brashi za badger mtupu, na zipo za nyuzi za kiwandani ambazo hazina mnyama yeyote, ni laini tangu siku ya kwanza, hazihitaji kuzoeshwa na hukauka upesi. Kwa mtu wa Mombasa, ambako unyevu wa hewa huiacha brashi ya nywele ikiwa majimaji mpaka kesho, hizo za nyuzi pengine ndizo za busara. Anayependelea nywele asiifungie kwenye kasha wala kuiacha bafuni. Aisuuze mpaka povu liishe, aikamue bila kuisokota, aikung'ute, aiweke dirishani. Ikianza kunuka uvundo ingawa umeiosha, itupe.

Yule kijana nilimpa dawa ya usaha na barua kwa msimamizi wake, nikiomba aruhusiwe mwezi mmoja bila wembe. Walimhamishia jikoni kwa muda huo. Brashi hakuitupa, kila jioni aliitengenezea povu kiganjani na kuisuuza, uso wake ukiwa umepumzika. Aliporudi kwangu alikuwa amenyoa mara tatu, kwa kufuata nywele, na shingoni palikuwa na vipele viwili tu. Akaniomba nimwandikie barua nyingine, safari hii ya kuruhusiwa kutumia mashine badala ya wembe siku za katikati ya juma. Nikaiandika.