Shimesikio kwa Mtoto Mwenye Usonji: Mwongozo wa Nyumbani

Mtoto wako amepewa shimesikio, kifaa cha kumsaidia kusikia. Umemvalisha, ameichomoa na kuitupa chini ya kochi. Umemrudishia, amelia. Usimwone mkaidi. Kwa mtoto mwenye usonji, kitu kidogo sikioni kinaweza kumkera kama kokoto ndani ya kiatu. Tena sauti ambazo hakuzizoea zinamjia zote kwa mkupuo: sufuria, honi ya bodaboda, mvua juu ya bati. Kwa kuchomoa, anakueleza jambo.

Kwanza, hakikisha haumii

- Tazama sikio penye mwanga. Ukiona wekundu, kidonda au usaha, acha kumvalisha na umpeleke kliniki.
- Ikipiga mluzi akiwa ameivaa, huenda kipande kinachoingia sikioni hakikukaa vizuri au kimekuwa kidogo. Sikio la mtoto hukua, hivyo kipande hicho hubadilishwa mara kwa mara.
- Akishtuka kila sauti inapotokea, mwambie mtaalamu wa usikivu. Nguvu ya sauti hurekebishwa. Usiache kumvalisha kimyakimya.

Kumzoesha, hatua kwa hatua

1. Mwache aishike ikiwa imezimwa, wewe ukiwa karibu. Mvalishe mwanasesere, kisha jiwekee wewe nyuma ya sikio lako akuone.
2. Mzoeshe kuguswa sikio. Baadhi ya watoto huvumilia zaidi mguso wa kukaza kidogo kuliko wa kupapasa.
3. Zima redio na televisheni. Mvalishe akiwa katika mchezo anaoupenda, kwa mfano kupanga magari yake.
4. Anza na muda mfupi, hata dakika moja. Itoe wewe kabla hajaanza kulia, umsifu, na kesho uongeze kidogo. Ikitoka kila anapolia, atajua kilio ndicho ufunguo.
5. Mfundishe kuomba kwa ishara au picha ya "toa". Akiomba, mtolee, apumzike, kisha mrudishie.
6. Fuata utaratibu uleule kila siku. Bandika picha ukutani: kuvaa nguo, shimesikio, chai.

Lengo ni aivae muda wote akiwa macho, isipokuwa anapooga. Akilala, itolewe. Wapo wanaozoea kwa siku chache, wapo wanaohitaji miezi. Akiugua na kurudi nyuma, anza tena na dakika chache.

Nyumba nzima ishiriki

Bibi, dada wa kazi na mwalimu wa chekechea wafuate hatua hizihizi. Asishikwe kwa nguvu ili avalishwe. Msogelee, ongea kwa sauti ya kawaida, sentensi fupi. Mkitumia lugha ya alama, endeleeni. Haimzuii kujifunza kusema.

Hatari: betri

Betri ndogo ya mviringo ikimezwa inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Hata iliyokwisha nguvu ni hatari. Omba shimesikio yenye kifuniko cha betri kinachojifunga, na betri za akiba ziwekwe mahali asipofikia. Ukihisi amemeza, au ameingiza puani au sikioni, mkimbize hospitali mara moja. Usimtapishe, wala usisubiri dalili.

Utunzaji

Funga shimesikio kwa kamba fupi yenye klipu nyuma ya shati, ili akiichomoa isipotee. Kila siku pangusa kwa kitambaa laini kikavu. Usiku ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, hasa kwa wakazi wa Pwani.

Weka daftari

Kila jioni andika: leo ameivaa dakika ngapi, ameichomoa wakati gani, na palikuwa na sauti gani. Nenda na daftari hilo kliniki. Yale ambayo mtoto hawezi bado kumwambia mtaalamu kwa maneno, yatasomwa humo.