Tela Kuukuu la Boti: Ligongwe Kabla ya Kupakwa Rangi

Katika mialo ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, boti za faiba zinazidi kuonekana kando ya mitumbwi ya mbao. Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa njia ya mikopo nafuu. Mtumbwi wa mbao huvutwa nchi kavu kwa magogo na nguvu za watu. Boti ya faiba ikiburutwa juu ya mawe, tabaka lake la nje huchubuka na maji huanza kupenya. Kwa sababu hiyo, kikundi kinachotaka kuifikisha boti kwa fundi au kuihamishia mwalo mwingine huhitaji tela. Tela jipya ni ghali, na wengi huishia kununua lililokwisha kutumika, tena lenye kutu.

Kununua tela kuukuu si kosa. Kosa ni kulipaka rangi kabla ya kulichunguza. Rangi mpya juu ya chuma kilichooza humdanganya mwenye mali na dereva anayelivuta. Tela likikatika barabarani, hasara haiishii kwenye boti ambayo bado inadaiwa mkopo. Waenda kwa miguu na waendesha bodaboda walio nyuma yake wamo hatarini.

Hatua ya kwanza ni kugonga. Fundi achukue nyundo ndogo na kugonga fremu yote taratibu, hasa kwenye maungio, chini ya springi na kwenye shingo inayounganishwa na gari. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilicholiwa hutoa sauti butu, hubonyea au hutoboka. Mabomba ya mraba yachunguzwe zaidi, kwa kuwa maji hutuama ndani na kutu huanzia huko ambako jicho halifiki. Sehemu iliyooza ikatwe na kuwekwa chuma kipya chenye unene uleule. Kuchomelea kiraka juu ya kutu ni kuahirisha ajali. Iwapo fremu kuu imeoza kwa urefu wake, busara ni kuliuza tela kama chuma chakavu.

Tahadhari moja ihusu tela lililopakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua. Fundi aisugue zinki mpaka iondoke mahali pa kuchomelea, afanye kazi mahali penye upepo, na avae kinga ya pua na macho.

Hatua ya pili ni magurudumu. Tela linapofika mwaloni baada ya safari, habu zake huwa na joto. Zikizamishwa majini papo hapo, hewa iliyomo ndani hupoa na kusinyaa, kisha huvuta maji kupitia sili ya mpira. Maji hayo huharibu grisi, beringi hushika kutu, na siku moja gurudumu huchomoka. Kwa hiyo, tela kuukuu lifunguliwe habu zote mbili, beringi zioshwe na kukaguliwa, zile zenye vidoa au mikwaruzo zibadilishwe, na sili mpya ziwekwe pamoja na grisi isiyoyeyuka kwa maji. Baada ya hapo, mtumiaji azoee kusubiri habu zipoe kabla ya kurudisha tela majini.

Hatua ya tatu ndiyo rangi. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane, mafuta yaoshwe kwa sabuni, na chuma kikauke kabisa. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe siku hiyohiyo, kwa kuwa unyevu wa ziwani huweza kurudisha kutu kwa usiku mmoja. Mipako miwili ya rangi hiyo hufuatwa na miwili ya rangi ya juu. Mabomba yatobolewe matundu madogo upande wa chini ili maji yatoke.

Mwisho, yakaguliwe matairi, taa za nyuma, winchi na kamba yake, pamoja na mnyororo wa usalama unaofungwa kwenye gari. Boti ipangwe ili shingo ya tela ibebe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Kwa mfano, tela na boti vikiwa na kilo 800, shingo ibebe kilo 40 hadi 80. Uzito ukielemea nyuma, tela huyumba na kumshinda dereva.

Mnunuzi asisahau karatasi. Kabla ya kulipa, aoneshwe kadi ya usajili, alinganishe namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye chuma, kisha umiliki uhamishwe kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Utunzaji uendelee kila baada ya matumizi. Tela lioshwe na magugu maji yote yaliyonasa kwenye ekseli yaondolewe palepale mwaloni, yasije yakahamia katika malambo ya mifugo na umwagiliaji.

Vikundi vinavyokusudia kununua tela vinashauriwa kumwona Afisa Uvuvi wa kata na kwenda na fundi mwenye ujuzi siku ya kulikagua. Gharama ya kumleta fundi na nyundo yake ni ndogo kuliko ya kuitafuta boti mtaroni.